Kamba Kipofu

Mji mzima unavaa uzi mwekundu mkononi isipokuwa mimi, na najua wanavyonisema. Wengine wanasema najiona. Wengine, wenye huruma, wanasema majonzi yalinizidi, na dada wa shujaa aachwe alivyo. Waache waseme. Leo asubuhi amekuja mjumbe wa serikali yetu mpya, bwana wa makamo mwenye viatu vilivyojaa vumbi. Amekaa barazani anasubiri nimpe jibu. Jibu lenyewe nimekaa nalo kifuani miaka tisa, kwa hiyo na yeye atangoja kidogo.

Mimi ni msokota kamba. Banda letu lina urefu wa hatua mia tatu, na upana wa kupishana watu wawili wasiogombana. Upande mmoja kuna gurudumu lenye kulabu. Unajifunga fungu la katani kiunoni, unaitia ncha yake kwenye kulabu, mwenzako anazungusha gurudumu, nawe unaanza kurudi kinyumenyume huku vidole vikilisha uzi. Marehemu baba alikuwa akitania kwamba sisi ndio wafanyakazi pekee duniani ambao wakienda mbele wanafokewa. Mama ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka tisa. Natumia mkono wa kushoto, na kila baada ya shubiri moja, pale ninapoongeza katani, uzi wangu unaacha kijivimbe kidogo kama punje ya mchele. Mama alijaribu kunitoa tabia hiyo kwa maneno, kisha kwa makofi. Ikashindikana.

Babu zetu walikuja kwa meli kutoka ng'ambo, na wazazi wetu waliendelea kupaita kule "nyumbani" hata wale waliozaliwa huku na hawajawahi kupaona. Serikali nayo ilikuwa kulekule. Barua ilikwenda miezi mitatu na jibu likarudi miezi mitatu, bahari ikikubali. Mwaka mmoja tuliwaandikia kuhusu ukame, jibu likatukuta tumepanda juu ya mapaa kwa mafuriko, linatushauri tuokoe maji. Tulicheka sana. Siku hizo bado tulikuwa na moyo wa kucheka. Na watu tuliowakuta kwenye ardhi hii tuliwasukuma ng'ambo ya mto, na habari zao hakuna aliyeziandikia barua hata moja. Nalisema hili kwa sababu kwenye hotuba halisemwi.

Sheria ya kamba ilikuwa hivi. Tulikatazwa kujisokotea. Katani yetu ilipakiwa melini, ikarudi kutoka ng'ambo ikiwa kamba, nasi tukauziwa jasho letu wenyewe. Banda letu liliruhusiwa kazi moja tu, kamba za meli na ghala za serikali, na kila kamba ya serikali ilipaswa kuwa na uzi mmoja mwekundu katikati kabisa, usioonekana mpaka uifumue. Ukikutwa na kamba yenye uzi huo huna karatasi yake, wewe ni mwizi wa mali ya serikali, hakuna mjadala. Basi nasi, kwa siri iliyojulikana na kila mtu, tuliwasokotea majirani kamba zisizo na uzi huo. Tuliziita kamba kipofu. Mpaua nyumba alikuwa nayo, mwenye punda alikuwa nayo, kila ua lilianikiwa nguo juu yake. Mkaguzi wa serikali, mtu mwembamba wa kukohoakohoa, alipita chini ya nguo hizo akitazama viatu vyake.

Mdogo wangu alikuwa mchimba visima. Tulimwita Taratibu, maana hata kuzaliwa alichelewa wiki mbili, na mama anasema alitoka akipiga miayo. Kabla ya kushuka kisimani aliipitisha kamba yote vidoleni, pima kwa pima, watu wamesimama na ndoo zao wakimsonya. Alikuwa na miaka ishirini na sita, hajaoa, kwa sababu alikuwa bado anafikiria.

Na aliamini barua. Hilo ndilo lililotugombanisha. Mimi nilikuwa wa moto. Jioni nilikwenda na wenzangu kwenye karakana ya mshona viatu, mtu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, tukaapa na kupiga meza. Taratibu yeye alizunguka nyumba kwa nyumba na kidau chake cha wino akikusanya sahihi za watu, ili waungwana wa ng'ambo waelezwe vizuri. Aliamini kwamba hawatutendei ubaya, ila hawajaelewa.

Mwaka ule mambo yakawa magumu. Ilikuja amri kwamba watu zaidi ya kumi wasikutane. Ikaja nyingine kwamba askari walale majumbani mwetu. Wawili wakapewa chumba cha mama, mama akahamia jikoni. Ya tatu ilisema kwamba mwizi wa mali ya serikali atanyongwa ndani ya siku kumi na nne, mpaka itakapotangazwa vingine.

Wiki iliyofuata Taratibu alikuja bandani. Kamba yake ilikuwa imelika.

"Dada, nisokotee nyingine. Nina kisima cha pima ishirini kule kwa mfinyanzi."

"Kaa hapo. Na hiyo karatasi mkononi ni nini?"

"Sahihi mia nne na kumi," akasema, uso umemng'aa. "Meli inaondoka Alhamisi."

Nilianza kusokota na kufoka kwa wakati mmoja. Nilimwambia mama yetu analala juu ya magunia, na yeye anatembeza karatasi. Nilimwambia amekuwa mbwa wa kutikisa mkia. Akina mama wa bandani waliacha kazi wakasikiliza, na mimi nikipata wasikilizaji ndiyo basi tena.

"Dada, punguza sauti. Askari wako nje."

"Wasikie! Wanitie kamba shingoni, nitawaonyesha namna ya kuifunga!"

"Haya," akasema, akacheka. "Wewe ukasirike, mimi niandike. Mmoja wetu atafanikiwa."

Nilirudi kinyumenyume hatua mia tatu nikimtukana. Uzi mwekundu ulining'inia pale pale ulipokaa siku zote, kwenye kigingi cha kwanza kando ya gurudumu. Kwa miaka kumi na minne kila kamba niliyoanza ya serikali niliianza kwa kuuchukua huo. Kamba kipofu tulizisokota siku za Jumamosi tu, na siku hizo mama alikuwa akiutoa uzi huo kigingini na kuufungia kabatini. Siku ile ilikuwa Jumanne na mama alikuwa jikoni na magunia yake. Mkono ulikwenda wenyewe kigingini, ukauchukua uzi. Sikuuona. Ningekuwa nimenyamaza, ningeuona.

Ilitoka kamba nzuri kuliko zote nilizowahi kusokota. Taratibu aliipitisha vidoleni kutoka mwanzo hadi mwisho, akanishukuru, akaivaa begani akaenda zake.

Siku kumi baadaye, siku ya soko, vijana wa karakana ya mshona viatu walivunja ghala la serikali wakabeba kamba nusu ya zilizokuwamo, meli mbili zikashindwa kuondoka. Tulishangilia. Kesho yake askari wakaanza kupita mji mzima na visu, wanakata kila kamba na kufumua ncha yake. Sisi hatukuwa na hofu, maana zetu zilikuwa kipofu. Ilikuwa marufuku kuwa nazo, ndiyo, lakini adhabu yake ilikuwa kunyang'anywa na kukemewa.

Walimkuta Taratibu yuko chini ya kisima kwa mfinyanzi. Mfinyanzi mwenyewe ndiye aliyenisimulia, mikono yake bado ina udongo. Walimvuta juu, wakaikata ncha, wakaifumua, na ule uzi ukatoka mwekundu kama ulimi. Taratibu aliutazama kwa muda. Mkuu wa askari akamuuliza kamba ameitoa wapi. Mfinyanzi anasema mdogo wangu aliitwaa ile ncha akaipapasa kwa dole gumba, mbele, nyuma, kisha akasema, "Nimeichukua."

"Ghalani?"

"Nimeichukua," akarudia.

Alikuwa ameelewa. Angesema nimesokotewa na dada, wangefunga banda na kunitia ndani mimi na wanawake kumi na mmoja, kwa kutoa uzi wa serikali nje ya kazi ya serikali. Mtu ambaye alihitaji mwezi mzima kuamua anunue shati gani, siku ile aliamua papo hapo.

Nilikimbia mpaka kwa mkaguzi bila hata kufungua katani kiunoni. Nilimwambia kila kitu. Kamba ilikuwa juu ya meza yake. Nikaifumua mbele yake nikamwonyesha vijivimbe, shubiri kwa shubiri, nikamwomba anipe katani asimame nyuma yangu atazame. Nikasokota pale pale ofisini, nikizungusha kijiti kwa mkono, na vijivimbe vikatoka vilevile. Alikohoa kwa muda mrefu.

"Nakuamini," akasema.

Nilikaa sakafuni. Nilidhani yamekwisha.

"Nakuamini, mama, lakini sina la kufanya. Yeye amekiri. Nimepewa ruhusa ya kunyonga. Ruhusa ya kusamehe iko ng'ambo."

"Basi ngoja uandike, usubiri jibu!"

"Amri inasema siku kumi na nne. Nisipotekeleza, hawa askari watanikamata mimi, na watamnyonga yeye hivyo hivyo."

"Basi ninyonge mimi!"

"Wewe hukukiri kuiba. Umekiri kukosea. Kwa hilo sina kifungu cha kunyonga."

Aliandika barua usiku na mchana, hilo sitamnyima. Aliandika kurasa sita, akataja vijivimbe vyangu, akataja jina langu, na meli moja iliyopata kamba ikaondoka nayo. Nilisimama gatini nikiitazama ile meli inavyokwenda polepole, nikahesabu kwa vidole. Miezi mitatu kwenda. Miezi mitatu kurudi. Sisi tulikuwa na siku tisa.

Walituruhusu kumwona mara moja. Mama hakuweza kusimama, nikaenda peke yangu. Taratibu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakata kucha kwa meno.

"Umekwenda kuwaambia," akasema. "Mkaguzi kaniambia. Dada, wewe hujui kunyamaza."

"Nimekuua," nikamwambia. "Nimekuua kwa mdomo wangu na mkono wangu."

"Kamba ilikuwa nzuri lakini. Nilishuka nayo mara sita, sijasikia hata mlio." Akanivuta kichwa begani kwake. "Sikiliza. Usiendelee kusema. Hawa wanawake wa bandani wana watoto. Mkaguzi amekufunika mara moja, hatakufunika mara mbili. Niahidi."

"Na mama nimwambie nini?"

Alifikiria. Hapo sasa alifikiria kwa muda wake wa kawaida, mpaka mlinzi akagonga mlango.

"Mwambie niliichukua. Atakasirika. Akikasirika atakula."

Nikaahidi. 

Kamba waliyomnyongea ilitoka ghalani, maana yake ilitoka bandani kwetu. Sijawahi kuuliza kama ilikuwa na vijivimbe.

Tulimzika saa nne asubuhi. Nilitarajia majirani na wachimba visima. Walikuja watu mpaka wakajaa barabara, na wale mia nne na kumi waliotia sahihi walikuja wote, watu wapole, wauza vitambaa, wakunga, wazee wenye mikongojo, nyuso zimebadilika. Mshona viatu alipanda juu ya mkokoteni.

"Huyu ndiye mliyemdhani mwoga!" akapaza sauti. "Mchana anawatembezea karatasi, kumbe mkono wake uko ndani ya ghala lao! Aliichukua kamba yao ili wasitufunge nayo!"

Nilifungua mdomo. Nawaapia nilifungua. Nikawaona wanawake kumi na mmoja wamesimama pamoja, wananitazama, na mmoja amebeba mtoto mgongoni. Nikaufunga. Mara ya kwanza maishani nilinyamaza, na ndiyo mara ambayo sikupaswa, au nilipaswa, sijui hata leo.

Kutoka makaburini watu walikwenda moja kwa moja ofisini. Mkaguzi aliuawa mlangoni, karatasi zake mkononi. Nilikuwa mmoja wa wachache waliomlilia. Mshona viatu alitoka ndani na ile kamba ya kisimani, akaifumua, akaukatakata uzi mwekundu vipande vipande, akawafunga watu mikononi. Kamba iliyobaki akamletea mama, akaiweka mapajani mwake kama zawadi. Mama aliipapasa ile kamba mchana kutwa. Nilimwambia kama nilivyoagizwa, kwamba aliichukua. Hakukasirika. Akaomba uji, akanywa.

Hivyo ndivyo yalivyoanza mapinduzi yetu. Watoto shuleni wanafundishwa tarehe. Vita vilikwenda miaka mitatu, na kati ya wale mia nne na kumi sijui kama walibaki mia mbili.

Jibu lilikuja mwezi wa saba baada ya mazishi. Meli iliingia haijui kitu, ikatekwa bandarini, na kwa kuwa barua ilitaja jina langu, wakaniletea. Niliisoma nimesimama bandani. Ilisema barua ya mkaguzi imepokelewa na imesomwa kwa makini. Kabla ya shauri kuendelea, aliombwa atume kipande cha kamba hiyo, urefu wa mkono mmoja, ili wataalamu waweze kuvitazama hivyo vijivimbe.

Sasa tuna serikali yetu. Mshona viatu ni mkubwa, anakaa kwenye mji mkuu mpya, wiki tatu kwa barabara, na sisi hatujamwona miaka minne. Karatasi aliyoileta mjumbe asubuhi hii inasema kwamba kwa heshima ya marehemu mdogo wangu, kuanzia mwakani kila kamba ya taifa itakuwa na uzi mwekundu moyoni. Kamba zisizo na uzi huo zimepigwa marufuku. Banda letu limepewa heshima ya kusokota ya kwanza. Chini kuna orodha ya adhabu.

Niliingia nayo ndani kwa mama. Macho yake hayaoni tena. Mkononi ana ule uzi wake, umefifia mpaka umekuwa rangi ya vumbi. Nikamsomea karatasi yote, na adhabu zake.

"Unataka kusokota?" akaniuliza.

"Sitaki."

"Basi usisokote."

"Watauliza sababu, mama."

Akanyoosha mkono akanishika wa kushoto, akaupapasa vidole kimoja kimoja, akafika kwenye dole gumba akatulia.

"Siku ile waliponipa ile kamba," akasema, "nilikuwa sijaifikisha nusu nikajua. Mkono huu nimeufundisha mimi. Niliupiga makofi mwaka mzima."

Nilitaka kuutoa mkono. Hakuuachia.

"Miaka tisa, mama? Miaka tisa unajua?"

"Nilikuwa na wawili," akasema. "Wakamchukua mmoja. Ningekulaumu, ningebaki na nani?"

Nililia pale, na yeye akaniacha nilie, akiushika mkono ule ule. Nilipomaliza aliufungua uzi wake kwa meno, akanipa, akasema chai ya mgeni itakuwa imepoa.

Nimetoka barazani. Nimemwambia mjumbe banda hili halitasokota uzi mwekundu. Ametoa kalamu, ameuliza aandike sababu gani, na ameniambia nisiwe na wasiwasi, jibu halitachelewa, litarudi baada ya wiki sita tu.

Nimemwongezea chai. Nimemwambia aandike kwamba mdogo wangu hakuiba kamba, na kwamba ilikuwa Jumanne.